Mvua Iliyokatwa

Mvua haikatiki namna ile. Mvua ya kweli hupungua, ikabaki inadondoka kwenye ukingo wa bati, inakuaga na haiondoki. Ile niliyoisikia mimi asubuhi ile ilizimika ghafla katikati ya maneno ya mwanaume niliyempenda, kisha ikarudi kwa nguvu ile ile kana kwamba haikwenda popote.

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena.

"Nipo nyumbani, mpenzi, mvua inanyesha huku utadhani mbingu imetoboka. Nimejilaza chali nakuwaza wewe. Wewe tu." Halafu kimya. Halafu mvua tena, na sauti yake, nzito, ya taratibu: "Nikishakanyaga kizingiti cha kwenu, sirudi nyuma."

Ujumbe huo wa sauti alinitumia jana yake. Nilikuwa nimeusikiliza kwenye spika ya simu mpaka nimeukariri, nikitabasamu na ukuta kama mtu aliyerogwa. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimevaa hedifoni kubwa za chuo, zile tunazoazimwa wanafunzi wa habari wa mwaka wa mwisho kwa ajili ya utafiti, na hedifoni zile hazina adabu. Zinakusikilizisha mpaka mate yanavyomezwa.

Na ndani ya kile kimya, pale ambapo mvua haikuwepo, kulikuwa na mngurumo. Mdogo, wa chini, na ndani yake kisauti: tik. Halafu tik nyingine.

Kile kilikuwa kiyoyozi cha chumba cha kuhariria cha redio anakofanya kazi. Kibovu, feni yake imelegea, kila mtu anakilalamikia na hakuna anayekitengeneza. Nilikaa nacho muhula mzima, ningekitambua hata kwenye ndoto. Sasa hebu niambie wewe, kiyoyozi cha ofisini kinatafuta nini kitandani kwa mtu, tena kwenye mvua?

"Wewe!" Mama aliita kutoka sebuleni. "Njoo ujaribu gauni, mimi siwezi kukukimbiza na pini nyumba nzima!"

Nikaenda. Mama yangu ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo karakana yake: vitambaa juu ya viti, vitambaa chini ya viti, kioo kirefu kilichopasuka pembe, na redio juu ya kabati. Dada yake, Mama Mkubwa, alikuwa ameshafika kwa ajili ya ugeni wa kesho. Alikaa karibu na dirisha, anakaza vifungo na kutoa hukumu.

"Simama wima," Mama akasema, pini mdomoni. "Na huo uso vipi? Kesho mwanaume anakuja kujitambulisha, wewe umenuna kama umeitwa polisi."

"Sijanuna, Mama."

"Amenuna," alisema Mama Mkubwa bila kuinua macho. "Uso wa huyu naujua tangu ananyonya. Kuna jambo."

"Hakuna jambo, Mama Mkubwa."

"Haya. Mapenzi na kikohozi havifichiki, na wivu ndiyo kabisaa."

Mama akazunguka nyuma yangu kupima kiuno. "Mimi nimeuliza swali moja tu kuhusu huyo Mkasi wenu, na mpaka leo sijapata jibu. Mwanaume mzima, ana kazi, ana sura, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mbona hajaoa? Wenzako wote hawakumwona?"

"Labda alikuwa ananisubiri mimi."

"Aka!" Mama alicheka mpaka pini zikamdondoka. "Dada, umemsikia? Alikuwa anamsubiri yeye! Kwani wewe mshahara?"

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka, maana kama nisingecheka ningelia. Najua kwa nini Mama anauliza. Baba yangu aliondoka mimi nikiwa mdogo, akaenda kwa mke ambaye Mama hakujua kama yupo, na watoto ambao hakujua kama wamezaliwa. Tangu hapo Mama ana sheria moja: mwanaume mwenye mtoto ni mwanaume mwenye mke aliyefichwa. Sheria hiyo hakuiweka moyoni peke yake. Siku moja alipiga simu kwenye Chozi la Mchana, kipindi anachokisikiliza akishona, akamtangazia mtangazaji na wasikilizaji wote.

Chozi la Mchana ndicho kipindi nilichokwenda kukichambua kwa ajili ya utafiti wangu. Watu wanapiga simu, wanaeleza waliyotendwa na wapenzi wao, na kila mchana nyumba nzima nzima zinalia. Nilitaka kujua zinalia kwa nini, na zinalia wapi. Mhadhiri wetu alitupa msemo mmoja siku ya kwanza darasani, ukiona vyaelea vimeundwa, na swali moja la kubeba kila tuendako: nini kimeachwa nje?

Aliyeunda ndiye Mkasi. Yeye si mtangazaji, yeye ni mtayarishaji, ndiye anayekata simu za watu na kuziunga kabla hazijaenda hewani, na ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo. Siku ya kwanza nilipokaa kando yake na kalamu yangu, aliniambia, "Andika hivi. Watu hawalii kwenye maneno. Wanalia kwenye kimya. Mtu akisema 'akaniacha', mimi nakirefusha kidogo kimya kinachofuata, na kila msikilizaji anakijaza na la kwake."

"Na huo si uongo?"

"Uongo ni kuongeza neno. Mimi sijawahi kumwongezea mtu neno. Napunguza tu."

Nikaandika. Nikaandika na lingine, kwamba chumba kitupu nacho kina sauti yake, na ukikata mahali ukaacha pengo, sikio linashtuka. Lazima uzibe pengo hilo kwa kimya cha chumba kile kile. Yeye kimya cha chumba chake cha kazi alikuwa nacho tayari kwenye kompyuta ndogo anayotembea nayo kazini na nyumbani. Alikiita kiraka. Mkono wake ulikifuata wenyewe, kama mkono wa Mama unavyoufuata mkasi bila yeye kutazama.

Basi ndiyo hiyo. Amekata kitu kwenye ujumbe wangu, akiwa na haraka, akaziba kwa kiraka cha kazini badala ya mvua.

Nilivua gauni, nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikavaa hedifoni na kuanza kufungua jumbe zake zote, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ujumbe wa kunitakia mtihani mwema: tik. Ujumbe wa wiki niliyougua, aliponiambia angeweza angeugua yeye: tik. Ule wa kwanza kabisa, aliposema ananipenda, nilisita kuufungua. Nilikaa nao kidole juu yake, nikimwomba Mungu Mkasi asiwe ameugusa huo.

Tik.

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira, kwa wivu, na kwa aibu ya kuwa mwanafunzi hodari wa uchambuzi ambaye kachambua kila mtu isipokuwa anayemnong'oneza yeye. Kila palipokuwa na kiraka palikuwa na kitu, na kichwani mwangu kitu hicho kilikuwa na sauti ya mwanamke. Wakati mwingine anacheka. Wakati mwingine anamwambia njoo ule.

"Unakwenda wapi na macho mekundu?" Mama aliuliza nilipopita sebuleni.

"Maktaba."

"Maktaba siku ya mapumziko, kesho tuna mgeni?"

"Mwache aende," Mama Mkubwa akasema. "Huyo anakwenda kutafuta ugonjwa wake. Akiupata atarudi."

Dada wa mapokezi pale redioni alininyanyukia kwa furaha. "Shemeji! Kesho ndiyo kesho! Mwenzio amenyoa mpaka anang'aa, tunamtania tangu asubuhi."

"Yuko ndani?"

"Yuko. Na mimi nilisema, huyu ameshanaswa. Kila mchana anatoka getini na simu, anaongeaaa, anarudi anacheka peke yake. Nikawaambia, hayo ndiyo mapenzi, si yetu sisi ya 'umekula?' 'nimekula'." Akanitazama vizuri. "Si huwa anaongea na wewe?"

"Ee," nikasema. "Na mimi."

Haikuwa na mimi. Muhula huu mchana mimi huwa darasani, na simu yangu huwa imezimwa.

Nilimkuta peke yake, mgongo umeelekea mlango, hedifoni imefunika sikio moja. Kiyoyozi kinanguruma. Alipogeuka akaniona, uso wake ulifunguka kwa ile namna inayonifanya nitabasamu kila siku. Na siku ile nikatabasamu vilevile, nikajichukia.

"Mama watoto," alisema. "Umeshindwa kusubiri kesho?"

"Nimekuja na kazi ya chuo. Kuna kipande cha sauti nataka tukichambue."

"Leo? Haya, lete."

Niliweka simu mezani, nikabonyeza. Mvua ikajaa chumba. Nakuwaza wewe. Wewe tu. Kimya. Sikuitazama simu, nilimtazama yeye. Kilipofika kile kimya, macho yake yalikwenda kwenye kiyoyozi, yakaja kwangu, yakaangukia mikono yake. Fundi alikuwa ameiona kasoro yake kabla sijasema neno.

"Hapo pamewekwa kiraka," nikasema. "Kiraka cha chumba kingine. Mhariri alikuwa na haraka, au alikuwa na woga?"

"Sikiliza..."

"Nimeshasikiliza. Zote. Mpaka ya kwanza."

Alivua hedifoni polepole. "Kulikuwa na kelele. Majirani."

"Majirani wanaokuja kila ukisema unanipenda?"

"Nyumba za kule zimebanana."

"Sizijui. Sijawahi kufika. Mara inapakwa rangi, mara bomba limepasuka, mara fundi umeme yumo ndani. Nyumba gani hiyo inaugua kila nikitaka kuja?"

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Uliyemkata. Mke au mchumba?"

"Sina mke!"

Alilisema haraka, na mimi nikasimama pale nikilipima neno lile kama ninavyopima simu za wasikilizaji. Pumzi iko wapi? Sauti imeshukia wapi? Analengwa nani? Nalengwa mimi. Nikapima, nikapima, nikashindwa kujua kama ni kweli au ni ustadi. Mtu ninayetaka kuzeeka naye, na nilikuwa namsikiliza kama ninavyosikiliza tangazo la sabuni.

"Nifungulie sauti asilia," nikasema.

"Nilifuta."

"Mkasi! Nani alinifundisha hapa hapa kwamba mhariri hafuti asilia, hata awe amekasirika vipi?"

Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Akavuta ile kompyuta yake ndogo, akafungua, na kabla ya kubonyeza akasema kwa sauti ya chini, "Naomba usiisikilize kama mwanafunzi."

"Nimekuja kama mjinga. Bonyeza."

Mvua. Nipo nyumbani, mpenzi. Mbingu imetoboka. Nakuwaza wewe, wewe tu. Kisha mlango ukalia, vikafuata vishindo vidogo vya miguu mitupu kwenye sakafu, na kisauti chembamba kikauliza, "Baba, unaongea na nani?"

Na sauti ya Mkasi, laini kuliko nilivyowahi kuisikia, ikajibu, "Na mtu wa kazini tu. Nenda ukamalizie kuchora, mama."

Hiyo "mama" ilikuwa ya kumbembeleza mtoto wa kike. Mlango ukafungwa, mvua ikaendelea, na yeye akaendelea: nikishakanyaga kizingiti cha kwenu, sirudi nyuma.

Mwanzoni nilihisi nafuu, nakiri. Mtoto! Si mwanamke, ni mtoto! Nilitaka hata kucheka. Kisha yale maneno mengine yakanifikia, nikatafuta kiti nikakaa.

"Mtu wa kazini," nikasema.

"Ana miaka sita," alisema. "Mama yake aliondoka mtoto hajajua hata kukaa. Ameolewa kwingine, ana maisha yake, hatuwasiliani. Tunaishi mimi na yeye. Dada yangu anakuja kukaa naye nikiwa kazini, na mchana nampigia aniambie amechora nini. Ndiyo hivyo. Hakuna mwanamke. Nakuapia."

"Na kwa nini nisijue?"

"Kwa sababu ya simu ya mama yako." Sauti ilimpanda kidogo. "Nani aliihariri ile? Mimi! Nimeikata na kuiunga mimi, nimemsikia akisema mwanaume mwenye mtoto ni mwanaume mwenye mke aliyefichwa, tena na tena, na wewe umekaa kiti hicho hicho unacheka unaniambia 'huyo ni mama yangu huyo'. Nilikuwa nimeshakupenda. Ulitaka nifanye nini?"

"Useme."

"Ungekimbia."

"Basi ningekimbia! Au ningebaki! Ungeniachia mwenyewe. Sasa hata huko kubaki umeniibia."

"Sijawahi kukudanganya hata neno moja."

"Najua. Umepunguza tu."

Alinyamaza. Alinyamaza kimya kirefu, na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta najiuliza kama na kile kimepangwa.

"Tatizo langu si mtoto," nikamwambia. "Watoto nawapenda. Tatizo langu ni kwamba mimi umenikatia yeye, na yeye umemkatia mimi. Kila mmoja ana kipande chake, wewe ndiye mwenye asilia. Kesho ungekaa mbele ya Mama ukasema nini?"

"Nilipanga nimwambie akishanizoea."

"Baada ya harusi?"

Akaanza kuukunja waya wa hedifoni.

"Basi baba yangu naye alipanga hivyo hivyo," nikasema, nikainuka.

Alinishika mkono mlangoni. Hakunivuta, aliushika tu, na kiganja chake kilikuwa na jasho. Nilimtazama machoni. Yalikuwa yale yale niliyoyaota muhula mzima, na nilitamani sana, sana, yawe yanasema kweli.

"Twende kwenu," alisema. "Sasa hivi. Nikamwambie mama yako mbele yako. Akinifukuza, anifukuze."

Mama alipomwona Mkasi mlangoni alipiga ukelele. "Mgeni ni kesho! Mimi hata sijafagia! Dada, ondoa hivyo vitambaa!" Mama Mkubwa alijifunga kitambaa kichwani haraka, akakaa wima, akawa mzee wa ukoo papo hapo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mama mkubwa," Mkasi alisema, hakukaa. "Nisameheni nimekuja bila taarifa. Kuna jambo nimelificha, na sipendi kesho inikute nalo."

Mama alirudi kwenye cherehani yake, akashona mstari mmoja ambao haukuwa na haja ya kushonwa. "Sema. Mimi nasikia huku nafanya kazi."

Akasema. Alianza kwa sauti ya chini, ikabidi Mama apunguze mwendo ili asikie. Alieleza alivyobaki na mtoto mikononi. Alieleza alivyojifunza kusuka nywele kwa kufanya mazoezi na kamba za viatu vyake, na siku ya kwanza mtoto alivyokwenda shule kichwa kimekaa upande. Mama Mkubwa akacheka, huku macho yameshaanza kumlowa. Kisha Mkasi akawaambia kwamba siku moja mtoto alimuuliza, "Baba, na wewe utaondoka lini?"

Hapo akanyamaza.

Mguu wa Mama ulitoka kwenye pedali. Sindano ikasimama. Redio ilikuwa imezimwa na nyumba nzima ilikuwa imetulia, na Mama Mkubwa akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja.

"Nilimwambia siondoki," Mkasi akamalizia. "Na sitaki kumwondokea binti yako. Niliogopa, mama. Nilikusikia redioni nikaogopa."

Mama aliukata uzi wake kwa meno. Nilimjua mama yangu, nilisubiri atamke ile sheria yake. Badala yake alikohoa, akavuta futi ya kupimia shingoni, akaizungusha kidoleni.

"Sasa nguo za huyo mtoto anashona nani?" akauliza.

"Nanunua tu, mama."

"Ndiyo maana. Mlete kesho nimpime. Mtoto wa kike hanunuliwi nguo kwa kukisia."

"Mficha uchi hazai," Mama Mkubwa akasema huku akipenga kamasi. "Afadhali umesema, baba. Afadhali umesema."

Mkasi akashusha pumzi, akageuka kunitazama. Alitabasamu kwa nafuu, kwa mapenzi, na kwa kitu kingine cha tatu ambacho sikukipenda. Nilikuwa nimekiona kwake mara nyingi, pale simu za wasikilizaji zilipoanza kumiminika baada ya kipindi. Alijua amefaulu.

"Umeisimulia vizuri," nikasema.

"Ni kweli tupu."

"Sijasema si kweli. Nimesema vizuri. Umeanza chini, ukawachekesha, ukawanyamazia pale penyewe."

"Hee!" Mama aliruka. "Wewe mtoto una nini? Mtu ametoa ya moyoni, wewe unamsahihisha kama mtihani?"

"Mama, wewe umelia. Mimi pia nilitaka kulia. Lakini nimekwisha kulia leo kwa ajili ya sauti yake, na sikujua nalilia nini." Nikaliokota gauni langu kitini. "Kesho hakuna ugeni hapa."

"Unasemaje?"

"Kesho yeye haji. Naenda mimi. Naenda kwake kujitambulisha kwa huyo mtoto anayeambiwa mimi ni mtu wa kazini. Nitakaa, atanitazama, ataniuliza anayotaka. Akinikubali, mgeni wenu mtampata. Akinikataa, gauni utaliuza."

"Tangu lini mtu mzima anakwenda kujitambulisha kwa mtoto wa miaka sita?" Mama aliuliza, akimtazama dada yake amsaidie.

"Tangu leo," Mama Mkubwa akasema. "Mwache. Huyu kaona mbele kuliko sisi."

Nikamgeukia Mkasi. Ile rangi iliyokuwa imerudi usoni mwake ilikuwa imeondoka yote.

"Kesho?" aliuliza. "Pale nyumbani?"

"Nyumbani. Au na kesho bomba linapasuka?"

Alijikuna shingo, akaitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi, akajaribu kucheka kukamshinda. "Mimi... yule mtoto, sijui," alisema. "Yaani, sijui nitamwa... naanzia wapi? Ataniuliza kwa nini sikumwambia, na mimi sina, sijui." Sauti ilimkwaruza, ikapanda pasipostahili kupanda, akameza mate katikati ya neno. Maneno yale hayakuwa na mpangilio wowote, na kama yangekuja kwa simu ya msikilizaji yeye mwenyewe angeyakata yote. Yalikuwa ya kwanza niliyoyaamini siku nzima.

Nikamsogelea mpaka nikasikia pumzi zake, fupi fupi, za mtu mwenye hofu.

"Anza na jina langu," nikamwambia. "Hajawahi kulisikia."